Maumivu ya Kibofu Si ya Wanawake Pekee

Yako maradhi ambayo haya huyafungia majumbani. Maumivu sugu ya kibofu ni mojawapo: mgonjwa huumwa chini ya kitovu, huenda haja ndogo mara kwa mara usiku na mchana, ilhali mkojo ukipimwa hauonyeshi viini. Hapo huambiwa hana kitu.

Uchunguzi wa taasisi ya RAND nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulikadiria kuwa wanawake kati ya milioni 3.3 na 7.9 nchini humo wana dalili hizi. Takriban mmoja tu katika kila 10 ndiye aliyekwisha kutajiwa maradhi yake na tabibu. Uchunguzi wao wa mwaka 2013 ulizikuta kwa wanaume wapatao 3 au 4 katika kila 100. Mara nyingi maumivu ya mwanamume husingiziwa tezi dume.

Basi mume asimwambie mkewe kuwa anajidekeza, wala naye asiugulie kimya. Dalili zikipita wiki sita, rudini kwa daktari. Mkiona damu, msingoje. Tiba ya kupunguza makali ipo, na kuitafuta si aibu.