Usinihesabie vitofali

JICHO LA WIKI
Na Rehema Mwakalinga

Mchoro maarufu unapojengwa upya kwa vitofali vya Lego, sifa ya kwanza huwa ni idadi: vitofali maelfu kwa maelfu, fundi kakesha miezi. Hesabu hizo zinavutia, lakini hazituambii kama kazi ni nzuri. La kuuliza ni moja: fundi ameamua nini ambacho mchoraji hakukiamua?

Nauliza hivyo kwa sababu siku hizi kunakili ni kazi nyepesi. Programu ya kompyuta huigawa picha katika miraba, ikautafutia kila mraba kitofali chenye rangi ya karibu, kisha ikakupa ramani ya kufuata. Chukua Mona Lisa, ubao wa sentimita 77 kwa 53. Vinundu vilivyo juu ya vitofali vya Lego vimeachana milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu, kwa hiyo ukiujenga kwa ukubwa wake halisi kwa vipande vya kinundu kimoja kimoja utapanga safu 96 za vipande 66, yaani vipande 6,336. Leonardo da Vinci alipaka tabaka nyembamba moja juu ya nyingine hadi pembe za mdomo zikayeyukia kivulini. Kitofali hakiyeyuki. Pembe ya mdomo huangukia vipande vichache tu, na ukikosea kimoja, tabasamu linageuka uchungu. Hapo ramani ya kompyuta haitoshi. Anahitajika mtu anayesogea nyuma, akatazama, akarudi kung'oa kipande na kujaribu kingine.

Aliyenishawishi kuliko wote ni Ai Weiwei, msanii wa China. Mwaka 2022 alijenga upya mayungiyungi ya Claude Monet, mchoro ulioko Museum of Modern Art, New York. Kazi yake, iliyoonyeshwa Design Museum jijini London mwaka 2023, ina urefu wa mita 15 na vinundu karibu 650,000 vya rangi 22. Monet alichora bwawa alilolichimbisha mwenyewe kwake Giverny, na kila mpigo wa brashi yake unaonekana. Kwa Ai, mipigo hiyo imefutika. Vinundu vyote vimetoka kiwandani, vinafanana, havina alama ya mkono wa mtu. Lakini upande wa kulia, katikati ya maji na maua, ameweka shimo jeusi. Ni mlango wa handaki la Xinjiang alimoishi utotoni na baba yake, mshairi Ai Qing, aliyepelekwa huko uhamishoni na serikali. Monet hakuwa na mlango huo. Ondoa vile vitofali vyeusi, kinachobaki ni nakala kubwa ya mchoro wa mtu mwingine.

Wapo wanaosema hivi ni vitu vya watoto, visiingizwe kwenye majumba ya sanaa. Mwaka 2014, katika gereza la zamani la Alcatraz, Ai alitandaza sakafuni sura 176 za wafungwa wa dhamiri na watu waliokimbia nchi zao, zote za Lego. Mwaka uliofuata kampuni ya Lego ilikataa kumuuzia shehena nyingine kwa sababu haikutaka kuhusishwa na kazi za kisiasa. Watu wa kawaida wakamchangia vitofali, na Januari 2016 kampuni ikalegeza msimamo. Kitu kinachoweza kuzua mvutano wa namna hiyo kina la kusema.

Hata kwenye taarab, mwimbaji anayerudia wimbo wa zamani hatunzwi kwa kukumbuka maneno tu. Anatunzwa pale anapoivuta sauti mahali ambapo mwenye wimbo hakuivuta, ukumbi mzima ukainuka. Nakala ya vitofali nayo tuipime kwa kipimo hicho.

Kwa hiyo waandishi wenzangu, tukiandika habari za kazi hizi, idadi iwekwe aya ya mwisho. Na mwalimu wa sanaa anayewapa wanafunzi vifuniko vya soda waijenge upya picha maarufu asiache, maana watajifunza kutazama. Ila aongeze sharti moja: kila mwanafunzi abadilishe kitu kimoja kwa makusudi, kisha asimame aeleze kwa nini. Alama azitoe kwa maelezo hayo.