Ukuu apewe nani mtandao ukikatika?

Makala hii ya nakala za kanzidata ni nzuri, ila mwandishi amepita mbio penye mtego. Kuongeza nakala za kanzidata si kazi. Kazi ni kuamua seva ipi iwe kuu mtandao ukikatika. Tarehe 21 Oktoba 2018 GitHub walipoteza mawasiliano na kituo chao kikuu cha data, mashariki mwa Marekani, kwa sekunde 43. Programu inayosimamia kanzidata zao za MySQL ikahamishia ukuu magharibi, huku mashariki kukiwa kumebaki maandishi ambayo hayajafika kule. Kusawazisha kukala zaidi ya saa 24. Sekunde 43! Huku kwetu Ushetu, Tanzania, hizo hatuziiti hata kukatika.

Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, mtandao Tanzania ukasuasua. Chukulia mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika) ya tumbaku ambao kila muamala husubiri ithibati ya nakala iliyoko Ulaya: siku ile mizani ingesimama, mkulima na marobota yake chini. Mimi ningeweka ithibati ya papo hapo kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ya Ulaya ifuate nyuma, hata kama miamala ya mwisho inaweza kupotea huko. Mwandishi, wewe ungevumilia pengo la sekunde ngapi kwenye hela za watu?