Uhuru Bila Mafundi ni Jina Tupu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuurekebisha mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku ile. Lakini kila ofisi iliyoutumia mfumo huo ilibaki na njia tatu: kuhamia mfumo mpya ambao kompyuta nyingi za zamani haziupokei, kulipia muda wa nyongeza, au kusafiri katika chombo kisichotiwa tena kalafati. Uamuzi huo haukufanywa na wenye ofisi, ulifanywa ng'ambo.

Jambo hilo latupa sababu ya kuitazama njia nyingine, nayo ni njia ya Debian. Mfumo huu ulianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani. Hauuzwi, wala hauna kampuni inayoumiliki. Hutengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, ambao kila mwaka humchagua kiongozi wao kwa kura. Maandishi yanayoziunda programu zake huwekwa wazi ili atakaye ayasome, ayarekebishe na awagawie wenziwe. Mwaka 1997 waliandika ahadi yao kwa umma, na moja katika ahadi hizo ni kutoficha kasoro.

Matoleo yake hupewa majina ya wanasesere wa filamu ya Toy Story. Programu mpya kwa kawaida huingia kwanza katika tawi liitwalo Sid, jina la yule mtoto mharibifu; ikistahimili, huhamia tawi la majaribio. Wakati wa kutoa toleo ukikaribia, mambo mapya huzuiwa na kasoro husakwa. Toleo la 13, Trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na vifurushi vya programu zaidi ya 69,000. Liliahidiwa matunzo ya miaka mitano: mitatu kamili, na miwili ya nyongeza kwa ajili ya usalama. Hivyo mwenye kulitumia aweza kupanga safari yake mapema.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Debian alifanya badiliko lililozifanya funguo za siri za kompyuta ziwe rahisi kubahatishwa. Maandishi yalikuwa wazi mbele ya dunia nzima, lakini kasoro hiyo haikutangazwa mpaka Mei 2008. Kinyume chake, Machi 2024 mtaalamu Andres Freund, alipokuwa akiitumia Sid, aliona kuingia katika kompyuta kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Hakupuuza. Alifuatilia, akagundua mlango wa siri uliopenyezwa kwa makusudi katika programu ya kubania mafaili iitwayo xz. Mlango huo haukuwahi kufika katika toleo thabiti. Katika visa vyote viwili uwazi ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni jicho.

Hapo ndipo penye funzo kwa sisi watu wa visiwani. Afisa anayechagua mfumo wa bure asidhani amepata mfumo usio na gharama. Fedha isiyolipwa kwa leseni haina budi kulipwa mafundi: vijana wetu watakaofundishwa kuyasoma maandishi hayo, kuyarekebisha, na kuwarudishia wenzao wa dunia marekebisho yao. Kwamba tunaweza si jambo la kubishaniwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kwa Kiswahili programu za kiofisi za OpenOffice, kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi.

Hati za ardhi, vyeti vya kuzaliwa na malipo ya wazee ni amana ya wananchi. Kwa hiyo twaomba kila ofisi ya umma ijibu maswali matatu kwa maandishi: kompyuta zake zaendeshwa na mfumo gani, matunzo ya mfumo huo yatakoma lini, na ni nani, aishiye hapa kwetu, awezaye kuutengeneza. Ofisi isiyo na jibu la swali la tatu haijapata uhuru, hata ikiwa haikulipa senti moja. Jahazi halisifiwi kwa bei lililonunuliwa, bali kwa fundi aliyepo pwani siku linapovuja.