Katiba Haikumtaja Babu

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba vijana wa kaunti za mpakani hawatapigwa msasa tena wanapoomba vitambulisho. Kelele zilizofuata zimenikera: eti wageni watajaa nchini, eti kura za 2027 zitaibwa. Kwa maoni yangu, utaratibu ule ulistahili kufutwa zamani, tena nchi nzima, Mombasa ikiwemo.

Wapo pia wanaotaja usalama, na hoja hiyo ina uzito wake. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148 waliuawa. Lakini mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Kamati ya msasa ingemgundua vipi? Wizi wa kura nao una tume yake ya kuuzuia.

Kilichobaki ni Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010. Raia wa kuzaliwa ni yule ambaye, siku alipozaliwa, baba yake au mama yake alikuwa raia. Mzazi mmoja anatosha. Babu hakutajwa, wala kabila, wala ukoo. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata hati za usajili. Basi kwa nini kijana wa Kibokoni au Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, mwenye jina la Kiarabu au la Kibaluchi, afike na cheti cha kuzaliwa na vipande vya wazazi wake wote wawili, kisha aambiwe akalete karatasi za babu? Kipande cha baba kilitolewa na Serikali hii hii. Ikiwa ilikosea kumpa, iende mahakamani ikathibitishe. Ikiwa haikukosea, mtoto ni raia, na ofisa hana la kuuliza zaidi. Anayeendelea kuuliza anavunja Katiba, na anambagua mtu kwa sababu ya jina lake.

Na huyo babu anayetafutwa! Ukanda huu wa Mwambao ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar mpaka Kenya ilipopata uhuru, kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Mababu wengi wa Mji wa Kale walikuwa tayari wana nyumba zao Ndia Kuu, wanaswali na kuzika hapa hapa. Kumdai mjukuu wao ushahidi kwamba hakutoka ng'ambo ni dharau.

Wamakonde wasiokuwa na uraia walilazimika kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Wapemba wakangoja uraia hadi 2023. Kila mara ni rais ndiye anayetoa, na anachotoa rais mmoja kwa tamko, mwingine anaweza kukifuta kwa tamko. Bunge liandike katika Sheria ya Usajili wa Watu kwamba hati ya mzazi mmoja aliye raia inatosha, na kwamba ofisa anayemkatalia mwombaji ampe sababu kwa maandishi, apate cha kupeleka kortini. Bila kipande kijana hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, haajiriwi bandarini. Wabunge wetu wa Pwani ndio wa kuuleta mswada huo.