Unatarajia Tukulipe Kiasi Gani?

Hakuna swali linalotutoa jasho sisi tuliomaliza chuo juzijuzi kama lile la mwisho kwenye usaili. Ya taaluma tunayajibu. Tunajieleza, tunataja udhaifu wetu kuwa ni kupenda kazi kupita kiasi, tunaulizwa tutakuwa wapi baada ya miaka mitano na tunajibu bila kucheka. Halafu yule mama wa rasilimali watu anafunga faili, anatabasamu, anauliza: "Na mshahara, unatarajia tukulipe kiasi gani?"

Ukitaja milioni, wanatazamana. Ukitaja laki tatu, wanaona hujiamini, na watakupa mbili na nusu ili mfanane. Ukisema "kwa utaratibu wa ofisi", wanaandika kitu pembeni ambacho hutakaa ukione. Waliotutangulia walishatuusia tusitaje wa kwanza, na inaelekea wale wa upande wa pili wa meza waliusiwa hivyohivyo. Bajeti ya nafasi ile wanayo, imepitishwa, iko kwenye laptopu palepale mezani, na bado wanatuuliza sisi. Basi tunazungushana weee, kama wachumba wanaoogopa kutaja mahari. Mwisho wanasema watatupigia.

Serikali angalau haiulizi. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira linaandika ngazi, TGS D kwa mwenye shahada, na mtaa mzima unajua maana yake. Hakuna wa kukutazama vibaya, na mshahara ukitoka umetoka. Ndiyo maana tunajazana huko. Mwaka 2014 Uhamiaji walikuwa na nafasi 70, wakajikuta wanawafanyia usaili watu zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa, kwenye viti vya mashabiki. Wakati huo wengi wetu tulikuwa shule ya msingi. Tuliona zile picha tukacheka. Mwaka 2025 TRA wakatangaza nafasi 1,596, maombi yakapita 135,000. Safari hii tulikuwamo.

Basi tunarudi kwa watu binafsi, na huko kuna namba moja inayotufuata kila ofisi: laki tatu. Sijui nani alikaa akaipanga, lakini unaikuta Kariakoo, unaikuta Mwenge, unaikuta kwenye kampuni yenye ghorofa na kwenye ile iliyopanga chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Mhasibu laki tatu, mtu wa masoko laki tatu, mtu wa kompyuta laki tatu na atumie kompyuta yake mwenyewe. Ukikunja uso wanaongeza nusu.

Sasa chukua bumu. Tangu 2022 mwanafunzi mwenye mkopo anapewa 10,000 kwa siku ya kula na kulala. Zidisha kwa siku 30. Yaani chuoni tulikuwa tunapokea laki tatu kwa kukaa darasani, tena siku nyingine hatukukaa, na tulikuwa tunanung'unika kwamba haitoshi. Hosteli ilikuwa hatua chache kutoka ukumbi wa mihadhara, hakuna aliyetudai kuchomekea, na kuchelewa saa mbili asubuhi hakukuwa na barua. Tumesoma miaka mitatu, tumevaa joho, wazazi wamekodi Kosta kuja kwenye mahafali, tumepata kazi. Tunalipwa bumu.

Tofauti ni kwamba bumu lilikuwa halikatwi, na sasa lenyewe ndilo linalokata.

Hebu tumchukue mwenzetu aliyeukata, aliyepata 600,000, ambaye kwao walichinja kuku. NSSF asilimia 10, hiyo 60,000, imekwenda kumsubiri uzeeni. Kodi ya mapato, 24,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara mzima kabla haujaguswa na mwingine, 90,000. Zamani ilikuwa asilimia 8. Ikapandishwa 2016, sisi tukiwa bado tunahangaika na hesabu za sekondari. Kinachofika kwenye simu ni 426,000. Tuseme ukweli, mwaka 2021 ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, na tukashukuru. Deni hatulikatai, tulikula. Ila serikali yenyewe kwa kodi imechukua 24,000, na wali maharage wa mwaka wa kwanza umechukua 90,000.

Hiyo 426,000 anaisubiri baba mwenye nyumba. Yeye hajui mambo ya mwisho wa mwezi. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali anataka ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango, na mlango wenyewe ulikuwa unauona. Chumba cha 100,000, choo cha kuchangia, ni laki saba kabla hujanunua godoro. Ukienda mbali ili upate cha nafuu, daladala inaanzia 600, na anayekaa Chanika akafanya kazi Posta hapandi moja. Bado mama lishe. Bado vocha. Bado ofisi yenyewe, inayotaka uje umependeza kwa sababu wewe ndiye sura ya kampuni.

Tajiri naye ana yake, tusimwonee. Naye anachangia NSSF asilimia 10 juu ya ile yetu, anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, akifikisha watu kumi kuna tozo ya ufundi stadi, na fremu anailipia anavyojua mwenyewe. Analalamika kwamba tunakuja na GPA ya 4.2 lakini hatuwezi kuandika barua ya kumdai mteja. Kuhusu barua hatubishi, chuoni hatukuiona. Lakini tangazo lake hilohilo la nafasi ya kuanzia lilitaka uzoefu wa miaka mitatu.

Huo uzoefu, wanasema, unapatikana kwa kujitolea. Na kweli tunajitolea. Mtu anayejitolea mnamjua: ndiye mwenye funguo za ofisi, ndiye anayewahi kuwasha jenereta, ndiye anayejua kwamba mashine ya EFD ikigoma unaizima na kuhesabu mpaka thelathini, ndiye anayeitwa Jumamosi kwa sababu bosi hapati faili alilolihifadhi mwenyewe. Anapewa nauli, tena siku nyingine anaambiwa achukue kesho. Akiugua malaria siku mbili kazi zinasimama, simu zinapigwa hadi kitandani. Akipona anauliza kuhusu ajira. Nafasi hakuna.

Huku nyumbani habari zilishafika kwamba kijana anafanya kazi Dar. Shangazi hakuuliza ni laki ngapi. Alipiga mahesabu kwa kutazama picha ya wasifu, ile ya kwenye kiti cha ofisi. Mdogo wetu anasubiri ada, babu anasubiri dawa ya presha, na binamu ametuunganisha kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi bila hodi. Asubuhi na jioni mweka hazina anabandika orodha, na mbele ya jina lako ameshakuandikia ahadi ya laki moja. Ukijaribu kueleza kwamba ndiyo kwanza unaanza, anajibu kwa upole kwamba wote tulianza.

Hatuachi, lakini. Tunaamka saa kumi na moja, tunagombea siti, tunafika tukiwa tumekunjamana, tunasema "shikamoo bosi" na tunawasha kompyuta. Kinachotushikilia ni kile kifungu cha mkataba, pale chini karibu na sahihi, kinachosema kwamba baada ya miezi sita ya majaribio mshahara utaangaliwa upya. Tunakisoma usiku. Miezi sita ikifika tunasubiri wiki moja zaidi tusionekane tuna tamaa, halafu tunabisha mlango wa yule mama na kukumbushia kwa adabu. Anafungua faili, anatafuta ukurasa, anaweka kidole kwenye kifungu, anakisoma chote kwa sauti. Anasema wameshauangalia.