Watalii Wanapita Lamadi, Taka Zinabaki

Makamanda, Simiyu ina ufukwe. Ukitaja utalii wa fukwe watu wanawaza Zanzibar na Bagamoyo, wanasahau kwamba Busega yetu inagusa Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Ukitoka Mwanza kwenda Musoma, ziwa liko kushoto, Serengeti iko kulia, na kutoka Lamadi hadi geti la Ndabaka ni mwendo mfupi tu. Mikoa mingapi ina bahati hiyo?

Halafu shuka mwaloni uone. Chupa za maji, nyavu mbovu, pampasi za watoto, viroba vya taka vilivyomwagwa usiku. Pembeni yake mama anaanika dagaa. Mimi sitamlaumu mtalii akipandisha kioo cha gari akapita.

Najua jibu la wakubwa: eti wananchi ndio wachafu. Tusidanganyane. Mfuko wa rambo ulipigwa marufuku 1 Juni 2019 na watu wakatii, wakarudi kwenye vikapu. Kwa hiyo tatizo si tabia peke yake. Mwenye genge akishafagia, takataka azipeleke wapi kama gari halipiti na dampo halijulikani lilipo? Anamlipa kijana wa mkokoteni, na kijana naye anamwaga panapomfaa, yaani korongoni. Mvua ikija, korongo linapeleka mzigo wote mtoni. Hata sisi wa Bariadi tusijifanye hatumo, maana maji ya Mto Simiyu mwisho wake ni ziwani.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazipa halmashauri jukumu la taka, na inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nani anapima hizo mita 60? Tunachokiona ni ufagio wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, picha zinapigwa, kiongozi anapanda gari anaondoka. Tangu Magufuli afute sherehe za Uhuru 2015 ili nchi ifanye usafi, ufagio umekuwa siasa. Lori la taka halina kamera, ndiyo maana hawalikumbuki.

Na hapa hawana wa kumsingizia. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 CCM ilitangaziwa ushindi wa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Sawa, tuseme mmeshinda (tunajua ilivyokuwa). Basi na taka ni zenu kwa asilimia hiyo hiyo.

Rais alicheza filamu ya Royal Tour, ikazinduliwa 2022, wageni wakaalikwa. Lakini kiingilio cha hifadhi hakiingii mfuko wa kijiji cha Busega. Kijana wa Lamadi atapata kitu mgeni akilala, akila sato, akipanda mtumbwi jioni. Mgeni halali kwenye harufu.

Kwa hiyo vijana, acheni kulalamika WhatsApp tu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mkazi yeyote wa miaka 18 ana haki ya kuongea. Nendeni na maswali matatu: ushuru wa usafi umekusanywa shilingi ngapi, umelipia nini, na dampo liko wapi? Wakikataa kujibu, ombeni iandikwe kwenye muhtasari kwamba wamekataa.