Uzuri wa Mkakasi Usifike Kwenye Tangi

Wapo watu wanaodhani kwamba pambo na kazi ni maadui, na kwamba kitu kikishapambwa basi hakina manufaa tena. Mimi si mmoja wao. Sisi watu wa pwani tumelelewa nyuma ya milango ya nakshi, na fundi wa Lamu hachongi mlango ukapendeza kisha akasahau komeo. Mwizi wa usiku hazuiwi na maua yaliyochongwa. Huzuiwa na komeo. Kwa kipimo hicho hicho nataka leo tutazame kitu kidogo ambacho wenye motokaa za spoti wanakipenda mno, nacho ni kifuniko cha tangi la petroli kinachonunuliwa dukani na kutiwa mahali pa kile kilichotoka na motokaa kiwandani.

Nakusudia hasa kile kinachoitwa Monza, jina la uwanja wa mashindano ya motokaa ulioko Italia, uliofunguliwa mwaka 1922. Ni kifuniko kinene cha madini yanayong'aa, chenye kikono ubavuni. Ukikiinua kikono, kifuniko hufunguka mara moja. Asili yake si urembo. Katika mashindano marefu dereva akisimama kutia petroli kila nukta ina thamani yake, na wasaidizi hawana wasaa wa kuzungusha kizibo. Pambo hili, basi, lilizaliwa na haja.

Siku hizi wanaokinunua zaidi ni wenye motokaa za zamani, mathalan MGB, iliyoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zikatoka zaidi ya 500,000. Mdomo wa tangi lake umejitokeza nyuma, upande wa kulia, hadharani, na kila anayekufuata barabarani hukiona kifuniko. Sishangai mwenyewe akitaka kiwe kizuri.

Mpwa wangu anayeishi Uingereza anayo mojawapo, ya miaka ya sitini. Aliponunua kifuniko hicho alinipigia simu kwa furaha: "Mjomba, hiki ndicho cha mashindanoni!" Nikamuuliza, "Kinapumua?" Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Haukupita muda motokaa ikamzimikia katika barabara kuu, malori yakipita kwa kasi ubavuni pake na mkewe yumo ndani. Alipokifungua kifuniko alisikia hewa ikivutwa tangini kwa mluzi. Akawasha tena, injini ikakubali. Yule aliyemuuzia hakumwambia neno kuhusu hewa, wala ndani ya kisanduku hamkuwa na karatasi ya maelezo.

Jambo lenyewe halihitaji elimu kubwa. Kila mama jikoni ajua kwamba kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili, moja la kutokea maziwa na jingine la kuingilia hewa. Ukitoboa moja tu, maziwa hudondoka kwa shida kisha husita. Tangi nalo ni vivyo hivyo. Kadiri pampu inavyovuta petroli, hewa sharti iingie kujaza nafasi. Katika MGB za mwanzo hewa hiyo hupitia kwenye kifuniko. Ukikiziba, pampu huvuta mpaka ikashindwa, na injini hufa njaa ilhali tangi lina petroli tele.

Lakini asije mtu akasema basi kila kifuniko na kitobolewe. Sheria za Marekani za kuzuia mvuke wa petroli zilianza California kwa motokaa za mwaka 1970, na nchi nzima mwaka uliofuata. MGB zilizoundwa kwa soko hilo zilipewa kifuniko kisichopitisha hewa, na tangi likawa linapumua kupitia mkebe wenye makaa yanayonasa mvuke. Motokaa ya namna hiyo ukiitia kifuniko chenye tundu, mvuke utatoka ovyo. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu ukapotea, bali hushuka na kutanda chini, ukingoja cheche.

Aidha kuna joto. Petroli hutanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto. Tangi la lita 40 lililojazwa hadi mdomoni alfajiri, likiachwa juani, laweza kutafuta nafasi ya nusu lita nzima kabla ya adhuhuri. Kifuniko chenye gasketi mbovu huimwaga petroli hiyo juu ya rangi. Tena Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida huwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo hula mipira ya kale. Na huku kwetu penye hewa ya chumvi, aluminiamu inayogusana na chuma huliwa upesi, na mng'aro uliolipiwa ghali hugeuka madoa.

Ajabu ni kwamba wenye mashindano wenyewe wameshaachana na mtindo huu. Kanuni za kimataifa za leo hazitaki kifuniko kijitokeze nje ya bodi, na zinataka kifungwe imara kisifunguke motokaa ikigongwa. Anayejisifu kwamba amevaa vazi la mashindano amevaa kanzu ambayo mwenyewe aliivua zamani.

Basi simkatazi mtu. Anayetaka kukitia na akitie, lakini kwa adabu ya kazi: nje penye upepo, waya wa betri umefunguliwa, pasiwe na sigara wala keekee ya umeme karibu na mdomo wa tangi. Asidanganyike kwamba tangi tupu ni salama. Lililojaa mvuke ni hatari kuliko lililojaa petroli. Azibe mdomo kwa kitambaa skrubu zisitumbukie, na kitambaa kitoke kabla ya kufunika.

Najua wako watakaosema nimekuza jambo dogo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ni hasara ya fedha tu ukiwa sebuleni. Ukiwa juu ya lita 40 za petroli ni hasara ya roho.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei muulize muuzaji maneno matatu: kinapumua au hakipumui, na motokaa yangu yataka kipi? Gasketi yake yastahimili petroli ya sasa? Kina kufuli, au ni kikono tu? Akikujibu sawasawa, nunua ujipambe nacho. Akibabaika, kiache king'ae huko huko dukani.